Usiuzike Mti Ungali Hai

Juma hili tumeziweka kando habari za mboga na maua ya mikebe ili tujibu swali la mama mmoja, mke wa askari polisi, ambaye anakaa katika kambi iliyo ubavuni mwa kilima. Anaeleza kwamba katikati ya nyumba zao umesimama mwembe mkubwa ambao mizizi yake imetoka nje kiasi cha watoto kujikwaa kila siku. Akina mama wa safu yao ya nyumba wamechanga fedha ili wanunue matofali na mifuko miwili ya saruji. Nia yao ni kujenga duara la kuuzunguka mti huo, kulijaza udongo mpaka mizizi yote ifunikwe, kisha kupanda maua juu yake kabla ya siku ya ukaguzi. Anauliza: duara hilo liwe na kimo gani, na maua gani yatafaa?

Jibu letu ni fupi. Msilijenge duara hilo. Nia yenu ni njema, na moyo wa kuchanga fedha kwa ajili ya uwanja ambao si mali ya mtu mmoja unastahili sifa. Lakini kazi hiyo ikifanywa kama ilivyoelezwa, mwembe huo utakuwa umezikwa ungali hai. Utaonekana mzima kwa msimu mmoja, miwili, pengine hata kwa miaka kadhaa, kisha utaanza kufa kutoka chini. Tena mti mkubwa unaooza chini haufi peke yake. Siku ya upepo huangukia paa la mtu.

Miti ya namna hiyo imo katika kambi nyingi za nchi yetu ya Uganda. Pengine ni mwembe, pengine mfenesi, mjakaranda au mkaratusi. Chini yake akina mama huchagua maharagwe, watoto hudurusu masomo yao, na askari waliotoka zamu hukaa kucheza mweso. Kwa hiyo yafaa tulieleze jambo hili kwa urefu, ili kila familia ijue namna ya kuupendezesha mti wake bila ya kuuua.

MIZIZI ILITOKAJE NJE?

Mganga mwema huuliza ugonjwa ulianza lini kabla hajatoa dawa. Nasi tuulize: mizizi hii ilifikaje juu ya ardhi?

Sababu ya kwanza si ugonjwa hata kidogo. Iko miti ambayo ndivyo ilivyoumbwa. Msufi, na baadhi ya miti ya jamii ya mkuyu, hutoa mbavu pana pale chini, nazo ndizo zinazoushikilia wakati wa dhoruba. Mwembe nao ukizeeka, mizizi yake ya juu hunenepa mwaka hadi mwaka kama vile shina linavyonenepa. Kwa kuwa mizizi hiyo ililala karibu na uso wa ardhi tangu mwanzo, hatimaye migongo yake huchomoza.

Sababu ya pili ni ardhi yenyewe. Mahali penye tabaka gumu la changarawe nyekundu chini ya udongo mchache, mizizi haiwezi kushuka. Hulazimika kutambaa juu juu kutafuta chakula na hewa.

Sababu ya tatu ndiyo ituhusuyo zaidi, maana ni kazi ya mikono yetu: udongo umeondoka. Kambini usafi ni amri. Kila alfajiri uwanja hufagiliwa mpaka ardhi ing'ae, na kila jani lililoanguka hukusanywa likachomwa. Fagio huondoa majani, na pamoja nayo huondoa vumbi jembamba la udongo. Ardhi iliyobaki uchi haina cha kuikinga, na mvua inapokuja, matone yake huipiga na kuifumua, kisha maji huichukua.

Maji hayo si machache. Chukueni paa la bati lenye upana na urefu wa kufanya mita za mraba 40. Mvua moja ya milimita 25, ambayo si ya ajabu katika miezi ya masika, huliangushia paa hilo lita 1,000 za maji, yaani mapipa 5 ya lita 200. Pasipo na mfereji wa paa, maji yote hayo huanguka kwa mstari mmoja ukutani, kisha hukimbia kuelekea chini ya kilima. Ikiwa mwembe uko njiani, hupita katikati ya mizizi yake.

Hasara yenyewe yaweza kupimwa. Tazameni mzizi ambao chini yake pana uwazi, kiasi cha mkono au hata kifaranga kupita. Mzizi haukuota hewani. Zamani udongo ulifika pale. Pimeni kwa rula ya mtoto wa shule kutoka mgongo wa mzizi hadi ardhini, nanyi mtakuwa mmeona, kwa makadirio, kima cha udongo uliokwisha kwenda zake. Sasa fanyeni hesabu. Uwanja wa mita 10 kwa mita 10 ukipoteza sentimita 1 tu, umepoteza mita moja ya ujazo, nayo ni zaidi ya tani moja ya udongo. Hizo ni toroli 15 au zaidi zilizojaa. Wazee walisema kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Kadhalika fagia fagia humaliza uwanja.

Basi mizizi iliyo nje ni barua ambayo ardhi imeandika. Kuifunika kwa matofali na saruji ni kuichana barua kabla ya kuisoma, maana udongo utaendelea kuondoka pande zote za duara, na matofali nayo yatabaki hewani kama meno ya mzee.

KWA NINI TUSIUFUKIE

Kila mti una mahali ambapo shina hupanuka na kugawanyika kuwa mizizi. Hapa tutapaita kitako cha mti. Juu ya kitako, gome ni la shina, nalo limezoea hewa na ukavu. Chini yake ni ngozi ya mizizi, nayo imezoea giza na unyevu. Gome la shina likifunikwa kwa udongo wenye maji kwa miezi na miaka, hulainika na kuanza kuoza. Ukungu huingia. Mchwa nao hupata njia iliyofichika ya kupanda bila ya kuonwa na jua wala kuku.

Hilo ni dhara la kwanza. La pili ni kukosa hewa. Watu wengi hudhani kwamba mizizi ya mti mkubwa imezama chini sana kama kisima. Sivyo. Sehemu kubwa ya mizizi myembamba inayoulisha mti imo katika sentimita 30 za juu za udongo, nayo huenea hata kupita mwisho wa kivuli cha matawi. Mizizi hiyo hupumua. Mkiirundikia udongo mzito, hewa haiifikii, na udongo ukishindiliwa kwa miguu ya watoto huwa kama kifuniko cha chungu. Hata tabaka la sentimita 10 au 15 la udongo wa mfinyanzi laweza kuudhuru mti mzima.

La tatu ni la kujinyonga. Mti uliofukiwa hujaribu kujiokoa kwa kutoa mizizi mipya ndani ya udongo ule ulioongezwa. Mizizi hiyo ikigonga ukuta wa matofali hugeuka na kuzunguka, na baada ya miaka huweza kulibana shina kama kamba iliyofungwa shingoni mwa mbuzi anayekua.

Wala jambo hili lisionekane kuwa ni elimu ya kigeni. Kwa miaka mingi mafundi wa Buganda wameuchuna mti wa mutuba ili kutengeneza kitambaa cha gome, kazi ambayo shirika la UNESCO liliitangaza mwaka 2005 kuwa ni moja ya hazina za urithi wa binadamu. Fundi akisha kulivua gome, hulizungushia shina majani ya mgomba ili jeraha lisikauke, na mti huota gome jipya. Mafundi hao walijua kabla ya sisi kwenda shule kwamba gome ni nyama ya mti, na kwamba nyama huvikwa kwa upole, haikandikwi kwa saruji.

Isitoshe, mizizi iliyokaa nje kwa miaka mingi imekwisha kujipatia gome gumu la kuikinga. Haina haja ya kuzikwa upya. Mwenye nafasi ya kufika Entebbe, katika bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1898 kando ya Ziwa Viktoria, ataona miti mikongwe ambayo mizizi yake imelala wazi juu ya ardhi kama mishipa ya mkono wa babu. Hakuna aliyeionea aibu, na wageni husimama hapo kupiga picha.

HATUA YA KWANZA: ZUIENI MAJI

Kazi ya kuupendezesha mti haianzii mtini. Huanzia juu ya mteremko, kule yatokako maji. Hata mkipanda maua gani, mvua moja itayabeba ikiwa njia ya maji haikugeuzwa.

Kwanza, tafuteni mfereji wa paa. Bati lililokunjwa na kuegemezwa chini ya ukingo wa paa, likielekezwa kwenye pipa, hutosha kuanzia, na maji hayo yatafulia nguo. Pili, chimbeni mfereji mdogo wa kukinga maji upande wa juu wa mti. Mfereji huu uwe nje ya kivuli cha matawi ili msikate mizizi mikubwa. Kina cha sentimita 15 hadi 20 kinatosha. Uelekezeni kando kwa mteremko mdogo mpaka kwenye majani au kwenye mtaro wa kambi, wala si mlangoni mwa jirani.

Tatu, kwenye ukingo wa chini wa mfereji huo pandeni mstari wa mchaichai. Mahali hapo pana jua, nao hupenda jua. Mashina yake yakikaribiana hufanya ua mdogo unaochuja udongo na kuupitisha maji peke yake, na kila jioni mtavuna majani ya chai. Asiye na mchaichai aweke mstari wa mawe yaliyolazwa kukata mteremko. Udongo utajilimbika nyuma ya mawe hayo, mvua baada ya mvua, bila ya gharama yoyote.

HATUA YA PILI: TANDAZENI

Sasa njooni mtini. Fagio likomee kwenye ukingo wa kivuli. Majani yanayoanguka chini ya mwembe si uchafu. Ni nguo ya mwembe na pia ni chakula chake. Mkiona taabu kuyaacha yakitapakaa, yakusanyeni kwa reki, myakate kidogo kwa panga, kisha myatandaze sawasawa. Ongezeni nyasi kavu, au maganda ya kahawa yaliyokwisha kukaa na kupoa. Matandazo yawe na unene wa sentimita 5 hadi 10. Yakipungua kwa kuoza, ongezeni mengine.

Hapa pana jambo moja la kukumbuka kuliko yote. Matandazo yasiguse shina. Acheni nafasi ya shubiri moja kuzunguka kitako, ili gome libaki kavu. Umbo la matandazo liwe kama kata, ile ya majani ya mgomba ambayo mama huiweka kichwani kabla ya kujitwika mtungi: pembeni pana unene, katikati ni wazi. Lisiwe kama kichuguu.

Penye mashimo makubwa kati ya mzizi na mzizi, ambapo mtoto aweza kuvunjika mguu, tieni udongo mwepesi uliochanganywa na mboji, nusu kwa nusu. Tieni kidogo kidogo, sentimita 3 hadi 5 kwa msimu, na migongo ya mizizi ibaki ikionekana. Msishindilie kwa miguu. Mwagieni maji, na udongo utajikalia wenyewe.

HATUA YA TATU: PANDENI KWA HESHIMA

Wengi hufurahi zaidi wafikapo hatua hii, na hapa ndipo jembe huleta madhara. Jembe likae ndani. Chini ya mti mkubwa hupandwa kwa kijiko cha bustani, au kwa kijiti kilichochongwa, au kwa vidole. Ukikuta mzizi mnene kuliko kidole gumba, usiukate, sogea kando. Chagueni miche midogo, maana mche mdogo hutaka shimo dogo. Msipande karibu na shina zaidi ya nusu mita.

Ni mimea gani ivumiliayo kivuli? Liko lile jani jembamba la kijani lenye mistari myeupe, ambalo huning'iniza watoto wake mwishoni mwa vikonyo. Kila mtoto huyo ni mche, nalo halidai malipo. Uko ule mmea utambaao wenye majani ya zambarau na mistari ya rangi ya fedha. Huota kutokana na kipande tu, lakini upunguzeni mara kwa mara usije ukatawala uwanja wote. Masale, yale majani marefu yapandwayo mipakani mwa mashamba, hufaa yawekwe nyuma, mbali kidogo na shina. Kangaga za kando ya vijito hupenda penye unyevu. Ama nyasi za paspalamu, zipandeni ukingoni ambako jua hupenya. Chini ya kivuli kizito cha mwembe au mfenesi hazitastawi, na mtachoka kuzipanda upya kila mwaka.

Msipande magimbi wala viazi baina ya mizizi. Chakula ni chema, lakini siku ya kuvuna mtachimba, na mkichimba mtakata mizizi. Msifanye pia bustani ya kumwagilia maji kila siku kwenye shina la mfenesi, kwa maana mti huo hauvumilii kusimama majini.

Wakati wa kazi hii ni mwanzo wa mvua. Katika sehemu za kusini na kati tuna nafasi mbili, mwezi Machi na mwezi Septemba. Ndugu zetu wa Gulu, Lira na sehemu nyingine za kaskazini, ambao msimu wao mmoja mrefu huanza karibu na Aprili, wachimbe mfereji na kuweka mawe wakati wa kiangazi, kisha wapande mvua zitakapotulia.

MAWE, CHOKAA NA BENCHI

Twajua kwamba kambi bila ya mawe meupe si kambi. Hatusemi myatupe. Duara la mawe yaliyopakwa chokaa lapendeza sana kuuzunguka mti, mradi masharti matatu yafuatwe. Mawe yalazwe tu juu ya ardhi, bila ya msingi wala saruji. Yawekwe mbali na shina, mita 2 au zaidi, ili ndani yake pawe na nafasi ya matandazo na mimea. Na mbele ya mawe hayo, upande wa chini wa mteremko, pasiwe na ukuta wa kuzuia maji yasitoke. Duara hilo litawaambia watoto na wageni mahali pa kupita, na dereva naye atajua asiegeshe gari ndani yake. Hilo la mwisho si dogo. Lori likisimama kila siku chini ya mti, uzito wake huushindilia udongo mpaka ukawa kama sakafu, na mizizi hukosa hewa vilevile kana kwamba imefukiwa.

Shina lenyewe likipakwa chokaa ya maji haliumii. Rangi ya mafuta isipakwe, wala misumari isipigiliwe kwa ajili ya matangazo na kamba za nguo.

Wanaotaka mahali pa kukaa watengeneze benchi la mbao. Miguu yake iwekwe katikati ya mizizi, si juu ya mizizi, na ubao usiguse shina, maana shina hunenepa. Njia ya kupita iwekewe mawe bapa yaliyolazwa hatua kwa hatua. Hapo hakuna mtoto atakayejikwaa, na hakuna mzizi utakaokanyagwa.

Zile fedha za saruji zitumiwe namna nyingine. Zitatosha kununua bati la mfereji wa paa, reki moja ya pamoja, na mbao za benchi.

MAMBO YA KUEPUKA

Msichome takataka chini ya mti. Moto mdogo tu huunguza gome upande mmoja, na jeraha hilo ni mlango wa ukungu. Msimwage mafuta machafu ya gari wala maji yenye chumvi ya kupikia. Jiko la mkaa lisiegemezwe kitakoni. Mbuzi asifungwe hapo, maana hula gome na kwato zake hushindilia udongo.

Zaidi ya yote, msikate mizizi mikubwa ili uwanja uwe sawa. Mizizi hiyo ndiyo nanga. Atakayeikata upande mmoja ameuambia mti uangukie upande wa pili, na huenda upande huo ndipo walipolala wanawe.

DALILI ZA HATARI

Upo mti ambao hautaki maua tena, unataka mtaalamu. Utazameni kwa dalili hizi: uyoga au ukungu mgumu unaoota kitakoni, ufa mpya katika ardhi upande mmoja wa shina, hasa baada ya mvua kubwa, mti ulioanza kulala ambao zamani ulisimama wima, matawi ya juu yanayokauka huku ya chini yangali mabichi, au mlio mtupu, kama wa ngoma, ukiligonga shina kwa kipande cha mti.

Ukiona mojawapo, waondoe watoto chini ya mti huo siku iyo hiyo, usingoje kesho. Kisha toa taarifa kwa afande anayehusika na majengo ya kambi, naye aiombe ofisi ya misitu ya wilaya imtume mtu wa kuukagua. Usiukate wewe mwenyewe, wala usimkodi kijana mwenye msumeno bila ya idhini. Mti wa kambi ni mali ya umma, na mti mkubwa ukikatwa na asiyejua huua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jambo hili ukuta wenyewe waweza kuwa wa nyumba yako.

MTI WA KAMBI NI WA NANI?

Tunajua mnalowaza. Askari hana makao ya kudumu. Leo yuko Mbarara, mwakani yuko Soroti, na amri ya uhamisho haiulizi kama maua yamechanua. Kwa nini mama ajitaabishe na mti ambao hakuupanda, uliomo katika uwanja usio wake, na ambao pengine hatakuwapo kula maembe yake?

Swali hilo ni la haki, nasi hatulidharau. Lakini fikirini jambo moja. Kivuli mnachokikalia leo kilipandwa na mtu ambaye hamkumjua. Huenda naye alikuwa askari, huenda alikuwa mke wa askari aliyetupa kokwa karibu na jiko. Alihamishwa, nanyi mkahamishiwa hapo mkaukuta mti umekwisha kukua. Hali kadhalika, katika kituo mtakachopelekwa kesho, yupo mtu wakati huu anayeutunza au anayeuharibu mti ambao watoto wenu watachezea chini yake. Familia za askari hurithishana miti bila ya kuonana.

Ndiyo maana ubaya wa duara la saruji ni mkubwa kuliko uonekanavyo. Mti uliofukiwa hauangamii machoni pa waliolijenga. Wao hupata sifa siku ya ukaguzi, hupiga picha, kisha huhama. Atakayelala chini ya paa siku mti utakapoanguka ni mtoto wa familia nyingine, ambaye hata hajui kwamba ndani ya lile duara jeupe mna kitako kilichooza. Bali kazi tuliyoieleza hapa, ya mfereji, matandazo, mimea michache na mawe yaliyolazwa, haina fahari kubwa siku ya kwanza. Baada ya misimu miwili mtaona udongo umeanza kubaki, minyoo imerudi chini ya majani, na mizizi imelala baina ya maua kama wazee waliokaa barazani.

Mkiondoka, waonyesheni wanaoingia mahali pa mfereji na namna ya kutandaza. Maneno hayo ya dakika tano ni sehemu ya makabidhiano ya nyumba, sawa na funguo.